Aliyejaza Kila Pengo

Mtu mmoja alikuwa na saksafoni na rafiki. Saksafoni aliipangusa kila Jumapili. Rafiki alimwacha miaka kumi na tisa bila kumpigia hodi.

Jina lake Kasiani. Rafiki yake, Sadala, alikuwa mpiga gitaa. Ujanani walisimama bega kwa bega katika bendi moja ya dansi, na nyimbo zao zikachezwa katika harusi za mkoa mzima. Kisha wakaachana. Kasiani aliwaambia watu, "Sadala ana kinyongo. Nikipuliza, yeye hunyamaza makusudi, ili nionekane nimepungukiwa." Alilisema hilo mara nyingi hata akaliamini.

Wenzao wa bendi walikufa mmoja mmoja, wakabaki wao wawili. Ndipo mwenye studio alipowaita warekodi zile nyimbo za zamani kwa saksafoni na gitaa tu: bila ngoma, bila tarumbeta, bila mwimbaji. Kasiani alikubali, maana alitaka asikike kabla pumzi haijamwisha.

Walikutana asubuhi. Mkono wa kushoto wa Sadala ulikuwa umepooza kidogo, lakini ulimi haukupooza.

"Kaka, tumbo hilo limejaa pumzi au ugali?"

Kasiani akacheka. Wakaketi wakitazamana.

Wimbo wa dansi, kama mjuavyo, huanza taratibu, kisha huingia chemko, pale mwendo unapokazwa, wachezaji wakatoka jasho. Kasiani alikuwa mtu wa chemko. Ile sehemu ya taratibu kwake ilikuwa njia ya kupita tu. Akapuliza beti mbili upesi upesi, akaingia chemko kama aliyesukumwa. Akafumba macho, akajaza kila pengo: pengo la ngoma, pengo la tarumbeta, pengo la mwimbaji. Alipofumbua, gitaa lilikuwa limelazwa mapajani mwa Sadala.

Hasira ya zamani ikampanda. "Umeanza tena! Hata leo unaninyamazia?"

Sadala hakupandisha sauti. "Nimekuja kukuitikia, kaka. Hujaniita."

Kasiani akamwomba fundi wa studio awasikilizishe kilichorekodiwa. Spika ikatoa saksafoni, saksafoni, saksafoni. Chini yake, kwa mbali, gitaa lilianza kujibu, likafunikwa. Likaanza tena, likafunikwa. Akahesabu mara saba. Baada ya mara ya saba, halikuanza tena. Akakumbuka majukwaa yote ya ujana wao, na akakosa pa kuyaweka macho yake.

"Ifute," akamwambia fundi.

Wakaanza upya. Kasiani akapuliza mstari mmoja wa mwanzo, akaitoa saksafoni mdomoni. Kimya kikaingia. Kilimtisha, kama mtu aliyesahau wimbo mbele ya ukumbi uliojaa. Akakivumilia. Ndipo vidole vizito vya Sadala vikatafuta nyuzi, vikajibu polepole, jibu ambalo Kasiani hakuwahi kulisikia katika wimbo alioupiga maisha yake yote. Akangoja liishe, ndipo akapuliza mstari wa pili.

Siku ile hawakufika kwenye chemko.

Nawe unayelalamika kwamba nduguyo amekunyamazia: neno lako liliishia wapi, ili lake lipate pa kuanzia?