Heroe na Upepo wa Kurudi

Paukwa!

—Pakawa!

Wa mlangoni sijawasikia. Paukwa!

—Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na miji miwili ya ndege. Mmoja Chumvini, mmoja Mateteni. Katikati yake vilima saba.

Chumvini aliishi Heroe, yule ndege mwekundu wa miguu mirefu, na mkewe Sikudhani. Walikuwa na yai moja. Moja tu! Huyu akila, yule hulalia. Yule akila, huyu hulalia.

Alfajiri moja Sikudhani akasema, "Mume wangu, yai linagongagonga ndani. Nenda Mateteni ukamlete mama. Lakini usikawie, sijatia kitu tumboni tangu jana."

"Jua halitafika utosini, nitakuwa nimerudi."

Akaruka. Upepo ukamshika mgongoni, vuuu! Kilima cha kwanza, vuuu! Cha pili, vuuu! Umande haujakauka, Heroe yuko Mateteni.

"Kumbe ni hapa tu!" akajisifu.

Mama mkwe alikwisha kujifunga kibwebwe. "Twende, mwanangu."

"Mama, haraka ya nini? Kuja ni kufumba na kufumbua. Na kurudi vivyo hivyo."

Akawaona uduvi wa Mateteni, wanono. Akala. Akaoga. Akapiga soga na mabata. Mama mkwe akaguna tu; mkwe hagombezwi mbele za watu.

Jua lilipokaribia utosini ndipo wakaruka. Lo! Upepo ule ule, sasa uko usoni. Heroe akapiga mbawa, pu! pu! pu! Kilima kiko pale pale. Akapiga tena, pu! pu! pu! Kilima kiko pale pale.

"Mama! Mji wetu wameuhamisha!"

"Mji haujahama, baba. Teremka huku mabondeni, upepo wa chini hauna nguvu."

Huko Chumvini, Kunguru alikuwa amesimama kando ya kiota. "Dada, kraa! Inuka kidogo ukanywe maji. Yai nitakuangalizia."

"Sina kiu."

"Mumeo kakuacha, kraa!"

"Atakuja."

Miguu ikafa ganzi. Macho yakaona kiza. Sikudhani hakuinuka.

Jua linazama, hao! Mama mkwe akashuka kwanza, mdomo mbele. Kunguru, kraa! Akatimka. Heroe akatua kifudifudi topeni, puu!

"Nisamehe, mke wangu. Nilidhani kurudi ni kama kwenda."

Sikudhani akainuka, akamwonyesha yai kwa mdomo, akaenda kula na mamake. Wakala, wakashiba, wakala tena. Heroe akalalia, mbawa zinamuuma, hathubutu hata kukohoa.

Mara chini yake: ko! ko! ko! Chwii! Kikatoka kifaranga, cha kijivu, laini kama pamba.

"Sikudhani! Mama! Njooni!" Heroe akapiga kelele mpaka majirani wote wakaja. Walipoona tope limemjaa usoni, wakacheka, naye Sikudhani akacheka.

Tangu siku hiyo, ukimuuliza Heroe, "Kutoka Chumvini mpaka Mateteni ni mwendo wa kiasi gani?" hajibu upesi. Huuliza kwanza, "Kwenda, au kurudi?"

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa pia: ukimwahidi mtu saa ya kurudi, usihesabu wepesi wa kwenda tu. Yuko anayekungoja na njaa yake.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyekaa sana anyooshe miguu.