Kwa Nini Haragwe Halipewi Pole

Zamani, Kuvu alipokuwa hana namna ya kwenda popote, majani ya maharage hayakujua doa. Siku viumbe walipogawiwa miguu na mabawa, yeye alichelewa mgao. Akaambiwa asubiri, atabebwa na wenye adabu. Akajikunyata kwenye mabua makavu ya mwaka jana, akasubiri.

Na watu wa huku mlimani walikuwa na adabu hadi inakera. Mtu akikohoa tu, alfajiri mlango umejaa wa kumjulia hali.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye shamba moja, na mbegu yote iliyomsalia baada ya ukame ilikuwa mle ardhini. Ikiharibika, hana cha kupika wala cha kupanda tena. Asubuhi moja akaona madoa ya kahawia kwenye majani ya chini, yenye kona kona, yamebanwa na mishipa ya jani. Akaligeuza: chini kuna vumbi la kijivu. Mashina manne tu. Angeyang'oa akayachoma, maneno yangeishia hapo. Lakini Nakijwa alilelewa vizuri mno. Akatangaza ana mgonjwa.

Kijiji kizima kikaja, umande haujakauka, wakipita mstari kwa mstari na kaniki zao zikiburuzika kwenye majani mabichi, "Pole, mama, pole sana." Siku saba. Kuvu akadandia mapindo ya nguo yaliyolowa, akasafiri kama bwana harusi.

Mmoja tu hakuja: wifi yake Nambua, mvivu wa kujulikana, ambaye jua humkuta kitandani. Alifika siku ya nane, saa sita mchana.

"Wifi, si ungengoja tuzike kabisa?" Nakijwa akamwambia.

"Nilowe mpaka magotini kwa ajili ya jani?" Nambua akajibu. "Kwangu haingii mtu mpaka pakauke, hata mimi mwenyewe. Na maharage yangu mazima. Nenda kaangalie."

Nakijwa akaenda ili amuumbue. Akakuta majani safi. Kurudi, akapitia mashamba ya wale waliompa pole: kila shamba, madoa yamefuata njia walizopita. Akatazama pindo la kaniki yake. Lilikuwa la kijivu.

Hakulia, kilio hakipalilii. Jua lilipowaka sawasawa, akang'oa kila shina lenye doa, akalichoma pamoja na mabua ya zamani. Ikabaki mistari mitatu ya mwisho, ambayo wageni walichoka kabla ya kuifikia. Humo ndimo alimochukua mbegu, kibaba kimoja. Msimu uliofuata akapanda mahindi pale, maharage akayahamishia ng'ambo ya kijito. Kibaba kikatosha.

Kuanzia mwaka ule, huku mlimani mtu akiugua tunamwendea alfajiri. Haragwe likiugua, linang'olewa bila salamu. Na ukimkuta mwanamke asubuhi amesimama ukingoni mwa shamba lake, mikono kiunoni, haingii, usimwite mvivu. Anamnyima Kuvu usafiri.