Ngiri Aliyekula Kete Zote

Paukwa! Hamkusikia? Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba. Sasa tulieni. Haya sikuhadithiwa na mtu, niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimechuchumaa nyuma ya kichaka.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na ligi yao ya sataranji. Siku ya mwisho Ngiri alikutana na Pimbi. Ngiri akishinda, anachukua jabali ambalo Pimbi na wanawe huota jua. Wakitoka sare, jabali linabaki kwa Pimbi. Mwamuzi, Bi Kanga.

Ngiri akacheza kwa vishindo. Pimbi akabanwa, akabanwa, hata mfalme wake akakwama kwenye kona ya ubao, hana pa kukanyaga. Mbali na mfalme, alibakiwa na kete tatu tu: ngome, farasi na askari.

"Mdogo wangu," Ngiri akacheka, "waambie watoto wafungashe."

Pimbi akaukodolea ubao macho. Mara akaikumbuka sheria moja. Akaisukuma ngome mbele ya adui.

"Kula, kaka."

Ngiri akaila. Kwapu!

Akamsogeza farasi. "Kula, kaka."

Kwapu!

Mke wa Ngiri akapiga kelele, "Baba watoto, acha kula! Mfunge kwanza!"

"Nyamaza, mama! Nani hukataa mlo?"

Akaja askari. "Kula, kaka."

Kwapu! Ngiri akasimama, mkia juu kama mlingoti. "Haya, cheza!"

"Nicheze nini, kaka? Kete zangu zote umekula. Mfalme wangu hajashikwa, lakini kila anapotaka kukanyaga umepaziba wewe."

Bi Kanga akachungulia ubao. Akachungulia tena. Akachungulia mara ya tatu.

"Mfalme hatishwi, na hatua hana. Sheria ni sheria. Sare!"

Weee! Vumbi lilitimka! Pimbi akawabeba wanawe mgongoni, mbio hadi jabalini. Ngiri naye akapiga magoti, akifukua vumbi kutafuta ushindi wake. Ndiyo maana hadi leo ngiri hula kwa magoti.

Wanangu, ushindi ukiwa mkononi, usiuweke chini uokote makombo.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ikunjeni mwende nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Ila lile la magoti msinishike nalo. Lile nimelipika mimi.