Bi Sikudhani na Watani wa Uani

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, ya midomo iliyojaa karanga? Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mjane aitwaye Bi Sikudhani. Mume hana, mtoto hana. Alichokuwa nacho ni shamba la karanga, ulimi, na kibuyu cha mbegu kilichotundikwa juu ya meko. Kibuyu hicho ndicho kilichokuwa roho yake. Mvua ikimkuta na mbegu, anapanda. Mvua ikimkuta hana mbegu, anakunja mkeka aende kuishi kwa kaka yake, ambako wifi yake hupima uji kwa kifuu.

Siku moja amekaa uani, nyuma ya nyumba, anamenya karanga. Kindi akashuka mtini, akasimama mbele yake.

"Habari za kuzeeka, mtani?"

"Mtani wako nani? Tangu lini?"

"Tangu babu yako alipomrushia babu yangu mshale akamkosa. Waliopigana wasiuane, wajukuu wao ni watani. Hujui mila? Au uso wako huo, uliojikunja kama kiatu kilichonyeshewa, umejikunja pamoja na masikio?"

Bi Sikudhani akacheka. Hapo ndipo alipoponzeka. Mtu akikutukana ukacheka, umeukubali utani, na mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa.

"Na wewe," akajibu, "ni panya aliyeazima mkia."

"Basi tumeelewana," akasema Kindi. Akajaza mashavu kwa karanga za kwenye ungo, akapanda mti. "Mtani hanuni, bibi."

Siku ya pili akaja na mkewe. Wakamtukana Bi Sikudhani miguu, akawatukana meno, wakacheka wote watatu. Walipoondoka, karanga za kwenye kinu hazipo.

"Mtani hanuni, bibi."

Bi Sikudhani hakununa. Kusema kweli, alikwishaanza kuwangojea. Nyumba isiyo na wa kukutukana ina kimya kibaya.

Siku ya tatu wakaja kindi wa msitu mzima, wajomba na mashangazi. Bi Sikudhani alikuwa kisimani. Aliporudi, kibuyu kimelala chali mekoni, kitupu.

"Mbegu zangu ziko wapi?"

"Chache tumekula," akasema Kindi. "Nyingine tumezizika humu humu uani, akiba yetu."

"Mmezika wapi?"

"Akili haijui. Pua ndiyo inayojua. Mtani hanuni, bibi."

Bi Sikudhani akachukua jembe. Akachimba mlangoni, akachimba bandani, akachimba jalalani. Akapata karanga tatu, moja ina mdudu. Na kule juu ya vilima wingu jeusi limeanza kujikusanya.

Hakulia. Machozi hayaoti. Akaenda kwa jirani yake, Bi Mashavu.

"Mashavu, kesho asubuhi nakufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina kazi. Uje ulie, na ulie vizuri, usinilie kama ulivyomlia mumeo."

Asubuhi Bi Sikudhani akajinyoosha mkekani, pale pale uani, akajifunika kaniki gubigubi. Bi Mashavu akaangua kilio, kikafika msituni. Kindi wote wakaja mbio.

"Mtani wenu kafa," akasema Bi Mashavu. "Mila mliileta wenyewe. Mtani ndiye achimbaye kaburi. Mtani ndiye apikaye. Mtani ndiye achekeshaye msibani."

"Tupike nini?" akauliza mke wa Kindi. "Kibuyu kitupu."

"Mnaniuliza mimi?"

Kindi wakatazamana. Mila ni mila. Wakainamisha pua, wakaanza kuchimba. Huyu karanga mbili, yule karanga nne, na ungo ukaanza kujaa.

Kindi mwenyewe akajifunga kitambaa kiunoni, akainama, akatembea kama marehemu. "Nani kanywa maji yangu? Nani kakanyaga kivuli changu? Huyu bibi, akikupa karanga leo, kesho anadai ganda."

Kaniki ikatikisika.

"Mbona maiti anatikisika?"

"Upepo," akasema Bi Mashavu.

"Hata mauti yalimwogopa. Yamengoja mpaka amelala."

Kaniki ikatikisika tena.

"Upepo gani huu usiotikisa majani?"

"Upepo wa maiti wazee. Chimbeni."

Kindi akaketi karibu na kichwa cha marehemu. Akavua kile kitambaa. "Na sasa," akasema polepole, "nani atatutukana?"

Mara hii kaniki haikutikisika.

Karanga ya mwisho ilipotua kwenye ungo, maiti akaketi, akauvuta ungo mapajani.

"Asanteni kwa kazi," akasema.

Kindi akaanguka chali. Alipoinuka, manyoya yamemsimama, mkia umevimba kama ufagio. "Bibi, umetudanganya. Umekufa uongo. Umetuchimbisha ua mzima."

Bi Sikudhani akamwinamia mpaka pua zikakaribiana.

"Mtani," akasema, "hanuni."

Kindi akacheka mpaka akaushika mti asianguke tena.

Alasiri mvua ikashuka, Bi Sikudhani akapanda. Wakati wa mavuno akawaachia kindi mstari wa mwisho wa shamba. Msidhani ni huruma. Usipompa mtani mstari wa mwisho, atajichukulia wa kati. Wakaishi hivyo miaka mingi, wakiibiana na kutukanana.

Alipokufa kweli, Bi Mashavu alilia hadi sauti ikakauka. Kindi wakaja uani, wakasimama, hawakuchimba hata shimo la kidole.

"Hatudanganywi mara mbili," akasema Kindi. "Amka, kiatu kilichonyeshewa."

Watu wakachimba wenyewe, wakazika wenyewe, wakaenda zao. Kindi wakabaki wakingoja.

Ndiyo maana mpaka leo kindi akiingia uani kwako husimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, akautazama mlango. Kisha hukutukana. Usimrushie jiwe. Mjibu, ila kwanza tundika mbegu zako mbali.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na nani kamaliza karanga zangu? Sinuni. Nauliza tu.