Nyumba Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma sogeeni mbele. Habari hii ni ya watu wa kanisa, na watu wa kanisa tunapenda sana viti vya nyuma habari zetu zinapoanza kusemwa.

Katika jiji moja kubwa palikuwa na usharika uliojenga nyumba ya kuwahifadhi watu wasio na pa kulala. Nyumba nzuri, msidhani natania. Vitanda vya chuma, vyoo vya vigae, jiko, hata chumba cha muuguzi. Katibu wa kamati ya nyumba hiyo alikuwa mstaafu mmoja aitwaye Mzee Eliamani, mwembamba, mtu wa suti na tai hata siku ya kufyeka majani. Alikuwa amehangaika na nyumba ile tangu msingi, na aliipenda kama mtu anavyompenda mjukuu wake wa kwanza.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Nyumba ilikuwa tayari, lakini ilikuwa haijazinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi. Kila akipangiwa siku, anaahirisha. Basi nyumba ikapigwa kufuli, magodoro yakabaki ndani ya nailoni zake. Masika nayo mnayajua, hayamwahirishii mtu. Mvua ikamwagika, na watu waliokuwa wakilala chini ya daraja la barabara kuu wakaanza kuja getini kuuliza.

"Bado hatujazindua," Mzee Eliamani akawaambia kwa upole wote. "Vumilieni kidogo. Poleni sana."

Hebu niwaulize: godoro lisilozinduliwa halilaliki? Utepe usipokatwa, paa linavuja?

Haya, siku ikafika. Turubai likafungwa uwanjani, viti vikavalishwa vitambaa vyeupe, pilau likaanza kunukia hadi barabarani. Mwenyekiti wa kamati akawa anapita akikagua, mara akasimama ghafla.

"Katibu, walengwa wako wapi?"

Walengwa ndilo jina ambalo kamati iliwapa watu wenyewe. Mzee Eliamani akatuma wanakwaya wawili wakimbie darajani. Wakarudi mikono mitupu. Askari wa jiji walikuwa wamepita asubuhi wakawatimua wote, kwa sababu msafara wa mgeni rasmi ungepita njia ile, na jiji lilitakiwa lionekane safi.

"Sasa blanketi atamkabidhi nani?" mwenyekiti akafoka. King'ora kilishaanza kusikika. Akawatazama wajumbe mmoja mmoja. Wote walikuwa watu walioshiba kwa miaka mingi, na kushiba huko hakukujificha. Macho yake yakatua kwa katibu. "Wewe ni mwembamba."

"Mwenyekiti, mimi ni katibu!"

"Ni kwa muda mfupi tu, kwa ajili ya kazi ya Bwana."

Suti ya Mzee Eliamani, na simu yake mfukoni mwa suti, vikaingia kwenye buti la gari la mwenyekiti. Akavalishwa koti lenye matobo lililokuwa likitumika kushikia sufuria za moto. Mama mmoja wa kwaya akampaka masizi usoni, tena kwa bidii iliyozidi kidogo. Ndiye ambaye katibu alimnyima kuongoza wimbo siku ya Pasaka.

"Usitabasamu, mzee," akamwonya. "Meno yako ya bandia yanang'aa."

Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akaingia. Kitanda cha kwanza kilikuwa na mtu, vingine vitupu. Mwenyekiti akaeleza kwamba wengine wametoka kutafuta riziki. Mgeni akamfunika Mzee Eliamani blanketi mbele ya kamera, akainama.

"Baba, hali ikoje kwa watu kama ninyi?"

Mzee Eliamani, kwa mazoea ya miaka, akafungua kinywa: "Mheshimiwa, kwa mujibu wa taarifa ya kamati ya robo mwaka..."

Mwenyekiti akakohoa kama mtu aliyepaliwa na mfupa.

"...ni mbaya, mheshimiwa," akamalizia. "Mbaya sana."

Makofi. Wageni wakatoka kwenda kula. Mzee Eliamani akainuka kufuata suti yake, na mlangoni akakuta mlinzi, kijana wa kampuni aliyeanza kazi siku hiyohiyo.

"Rudi ndani, mzee. Wageni wanakula. Agizo la kamati: walengwa wasitoke wakasumbua."

Mzee Eliamani alilijua agizo hilo. Alilitunga mwenyewe.

"Kijana, mimi ndiye katibu wa kamati."

"Na mimi ndiye askofu," mlinzi akajibu. "Kaa kitandani."

Mzee Eliamani akaenda dirishani. Karibu kabisa alikaa mkewe, na sahani yake ya pilau. "Mama Ndeso! Ni mimi!" Mkewe akageuka, akaona uso mweusi wa masizi nyuma ya nondo, akamwambia mwenzake kwa huruma, "Maskini, hata majina yetu ameshayakariri," kisha akahamisha kiti.

Wakati huohuo mlinzi akamwingiza mwanamke wa makamo aliyemkuta getini, aliyelowa kwa mvua ya usiku tangu kanga mpaka ndala. "Ingia kwa wenzako, mama." Jina lake Sikudhani. Alikuwa akikohoa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, juu ya nailoni, kama anayeogopa kukiumiza. Akamtazama Mzee Eliamani, akatoa mkate kwenye mfuko wa plastiki, akaukata vipande viwili.

"Kula, kaka. Unaonekana huijui njaa vizuri. Mgeni wa mambo haya?"

"Nimeanza leo," akasema Mzee Eliamani.

"Utazoea. Mimi nilikuja hapa juzi na homa. Nikamkuta katibu wao, mzee mmoja wa suti."

Mzee Eliamani akauweka mkate chini. "Ana roho mbaya?"

"Wala! Mtu mzuri sana. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake. Akanipa pole, akarudia, akaniuliza na habari za kifua. Alinipa pole, kaka, mpaka nikalowa chapachapa."

Mzee Eliamani alikuwa ameomba msamaha wa dhambi nyingi maishani mwake, lakini hii hakuwa ameijua. Alikuwa akiihesabu upande wa wema.

Ndipo mbingu ikapasuka. Mvua ile, ndugu zangu, haikuuliza nani ana kadi ya mwaliko. Turubai likajaa maji katikati, likashuka taratibu kama ng'ombe anayelala, halafu likaanguka lote juu ya pilau. Wageni wakakimbilia nyumba, suti na vilemba na viatu vya kisigino, mwenyekiti mbele, mgeni rasmi nyuma yake. Na kutoka upande wa barabara wakatokea watu wa darajani, walioanza kurudi, nao wakakimbilia mlango uleule.

Mlinzi akasimama katikati. Maskini, alichanganyikiwa. "Jamani, agizo! Wasio walengwa hawaingii!"

"Sisi ndio wenye nyumba!" mwenyekiti akapiga kelele.

"Mwenye nyumba gani huyu analowa nje?" mlinzi akajibu.

Sikudhani akasimama. Akampita Mzee Eliamani, akamsogeza mlinzi kwa bega, akaufungua mlango mpaka mwisho.

"Ingieni wote. Wenye watoto kwanza. Wewe mheshimiwa, vua viatu, unachafua sakafu."

Kisha akashika nailoni ya godoro la kwanza, akaichana. Ndugu zangu, sauti ile ndiyo iliyozindua nyumba! Akachana ya pili, ya tatu, na Mzee Eliamani akaanza kuchana pamoja naye, masizi yakimtiririka mpaka kidevuni. Hapo mkewe akamtambua, akapiga yowe. Mwenyekiti akamvuta pembeni, akanong'ona, "Katibu, bado ratiba ina hotuba mbili!"

"Kasome mvuani," Mzee Eliamani akasema. "Huyu mama anaumwa. Niitieni muuguzi."

Siku ile watu wa darajani walilala vitandani. Sikudhani alitibiwa kifua, na alipopona kamati ilimwajiri kuwa mlezi wa nyumba. Wanasema ni mkali.

Sasa, mmecheka. Nami nimecheka. Lakini tujiulize sisi, mimi na ninyi: Bwana aliposema nalikuwa mgeni mkanikaribisha, aliongeza kwamba mlinikaribisha baada ya uzinduzi? Tunajenga, tunachanga, tunapaka rangi, halafu tunamngoja mtu mkubwa aje atupe ruhusa ya kufanya jambo ambalo tuliamriwa zamani. Tunajiona wakarimu, na mtu anatetemeka mlangoni.

Ukumbi wetu wa harusi uko hapo nyuma ya madhabahu. Hauna shughuli mpaka mwezi ujao. Nilipokuwa nikija ibadani leo nimewapita watu wamejikunyata kwenye ngazi za soko, na wingu hilo mnaliona wenyewe.

Simwombi mtu machozi. Tukishasema Amina, mwenye ufunguo wa ukumbi asiondoke.