Kwa Nini Mama wa Bibi Harusi Huishia Langoni

Kaa kidogo, mgeni wetu, msafara hautakuacha. Wazee bado wanachoma ubani mbele ya meza ya mababu, na wazee wa Vietnam wakianza kuongea na mababu hawana haraka. Umeniuliza mbona nimevaa hariri, nimechana nywele vizuri, kisha nimeketi hapa kukata popoo kama mtu asiyealikwa, na anayeolewa leo ni Lua, binti yangu wa pekee. Ukiwauliza wanaume watakwambia machozi ya mama yana nuksi njiani. Waache na jibu lao. Mimi nitakupa nililopewa na bibi yangu.

Hapo zamani, katika kijiji hiki hiki, mama wa bibi harusi hakubaki nyumbani. Yeye ndiye aliyemshika binti yake mkono, akavuka naye mto, akamfikisha kwa wakwe na kukaa naye huko siku saba. Walilala mkeka mmoja. Alimwonyesha pa kutundika kofia na namna ya kumwinamia mama mkwe, na siku ya nane akarudi kwake. Hakuna aliyeona ubaya.

Basi palikuwa na mjane jina lake Nhan, mpanda mpunga, mwanamke wa roho safi na ulimi mkali. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Mien, alichumbiwa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya vigae, na Bi Nhan alifurahi mpaka akakosa usingizi. Alipanga majani ya tambuu kwa mkono wake mwenyewe, akafunika sinia kwa kitambaa chekundu, akampeleka mwanawe.

Asubuhi ya tatu aliingia jikoni kwa wakwe bila kubisha hodi. Akamkuta Mien amechutama nyuma ya mtungi wa maji, anakwangua ukoko. Wali wote ulikuwa umeshapelekwa barazani. Bibi harusi wa siku tatu kaachiwa chungu. Mwanamke mwingine angemeza mate akanyamaza. Bi Nhan alikibeba kile chungu hadi barazani, akakiweka katikati ya mkeka, mbele ya wazee waliokuwa wanakula.

"Niliwaletea mke wa mwana wenu," alisema. "Mbwa sikuleta."

Wazee wakainamisha vichwa. Mama mkwe akatabasamu, akaomba radhi, akampakulia Mien paja la bata. Siku zote zilizobaki Mien alikula barazani na wenzake. Bi Nhan akarudi kijijini kifua mbele, na kila aliyekutana naye kwenye matuta ya mpunga alisimuliwa habari za kile chungu. Kijiji kizima kikamshangilia. Wajinga.

Jana uliniambia kwenu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli kabisa. Na mgeni akishaondoka je? Hilo mbona hamlisemi?

Mavuno yalipita, yakapita mengine, Mien haonekani. Alikuja siku ya harusi ya mdogo wake. Alikuwa amekonda, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjamana kwa moto, havinyooki tena. Hakusema ni nani wala lini. Alikaa na wanawake wengine akapanga tambuu kwa mkono wa kushoto, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Msafara ulipojipanga, Bi Nhan alimshika mkono binti mdogo kama ilivyokuwa desturi. Mien akaja akasimama langoni, akaitenganisha ile mikono.

"Wewe baki, mama."

"Nibaki? Na nani atamtazama mdogo wako?"

"Ndiyo maana nasema ubaki. Ukienda utaona. Ukiona utasema. Ukishasema, wewe siku ya nane unarudi kwako, na yeye anabaki na watu uliowaaibisha."

Bi Nhan aliutazama mkono wa mwanawe. Kisha akaketi pale pale kwenye kizingiti, msafara ukampita. Hakulia, maana hata kulia aliona ni kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nao siku ile ulimfunga kinywa mwanamke ambaye kijiji kizima hakikumweza.

Mama wengine walikuwapo, wakasikia, na wengi wao walikuwa na mabinti ng'ambo. Hakuna mzee aliyetunga sheria. Harusi iliyofuata mama alibaki, na ya baada yake pia.

Na tangu siku hiyo mama wa bibi harusi huishia langoni. Usidhani ilikuwa dawa. Ukoko bado unakwanguliwa, ila sisi hatuuoni. Mimi mwenyewe niliukwangua miaka minane katika nyumba hii, na mama yangu alikufa akijua ninakula bata. Nina hasira na desturi hii, mgeni wangu, na bado leo nimeifuata.

Haya, wanakuita, nenda. Wewe ni mgeni, macho yako hayamuunguzi mtu. Huko utapita jikoni, utaona utakachoona. Ukirudi jioni nitakuuliza habari, kwa sababu siwezi kutouliza. Nawe uniambie kwamba Lua amekula barazani pamoja na wenzake.