Mgalula na Mtutu Uliokatwa

Sogeeni, wajukuu, msikie ya kale. Zamani hizo mito ilikuwa mipana kuliko leo, na viboko walikuwa wakubwa kama nyumba. Msicheke! Mie nilisimuliwa na bibi yangu, na bibi hakuwa mwongo sana.

Basi, kando ya mto Ugalla alikuwako mwindaji, Mgalula, mtu mfupi mwenye gobore refu. Akipita vichakani, mtutu unanasa. Akiingia ndani, mtutu unagonga mlango. Watu wanamcheka: "Gobore limebeba mtu!" Mgalula akaudhika, akaenda kwa Lugendo, mhunzi wa kijiji.

"Fundi, nikatie mtutu huu. Nibakishie kiasi cha mkono."

Lugendo akashika kichwa. "Ndugu yangu, baruti huisukuma risasi mle mtutuni, sukuma, sukuma, mpaka itoke na mbio zake. Ukiufupisha, risasi itatoka kabla haijashika mbio, na moto utaishia nje bure."

"Wewe kata!"

Akakata. Kriii, kriii, kriii!

Mgalula akarudi nyumbani anacheza. Mkewe, Kalunde, binti wa mwindaji, akautazama mtutu, akasema tu, "Haya, baba watoto. Tutaona."

Hawakungoja sana. Alfajiri moja kiboko akaingia shambani, na mtama ule ndio chakula chao cha mwaka mzima. Anakula, anakanyaga. Anakula, anakanyaga. Mgalula akanyata, akalenga, akafyatua.

Ngurumo hiyo, wanangu! Moto ukaruka mdomoni mwa gobore, ukamuunguza ndevu na nyusi. Na risasi je? Ilimgonga kiboko ubavuni, ikadondoka kama embe bichi. Kiboko akageuka.

"Mke wangu weee!"

Mbio! Mgalula huyo, juu ya mgunga, na miiba yake yote hakuisikia.

Kalunde alikuwa ameshatoka na gobore refu la marehemu baba yake. Akaliegemeza kwenye kichuguu, moyo ukimdunda, mkono umetulia. Tuuu! Kiboko chini, kishindo mpaka mitungi ikalia.

"Amekufa?" sauti ikauliza kutoka mtini.

"Amekufa. Shuka tuchune."

"Siwezi, mama watoto. Miiba ndiyo sasa naisikia!"

Kijiji kizima kilikula nyama siku ile, na aliyecheka kuliko wote ni Mgalula mwenyewe, huku anapapasa pale palipokuwa na nyusi.

Basi shikeni hili: usikipunguze kinachokulinda kwa sababu ya vicheko vya watu.

Kisa nimekitua. Kibebeni nyinyi, mie mgongo umechoka.